Picha zako zikae kwako: kuweka kazi mtandaoni bila kutegemea Insta

Yakhe, kama unapiga harusi, au resi za ngalawa, au Mwaka Kogwa kule Makunduchi, au ndo wewe unaewahi maji yakipwa Jambiani uwapige wamama wa mwani, basi Insta iachie kazi ya kupiga mbiu tu. Picha ina pikseli 6000 kwa upana, wao wanaishusha mpaka 1080, wanaibana tena, na wiki ijayo ishazikwa chini ya video za watu wanacheza, mteja akiitafuta haioni.

Anza na jina. Nunua domeni yako, yaani anwani ya tovuti, ya .co.tz unainunua kwa mawakala. Lakini isajiliwe kwa jina lako na imeili yako, si ya yule kijana anaekutengenezea tovuti, maana mkikosana au akenda zake Oman ndo basi tena, unaanza kuombana. Jina likiwa lako, stoo ya picha unabadilisha utakavyo, leo hapa kesho kule, na ukiacha mafaili na majina yale yale hata linki za zamani hazifi.

Sasa pa kuziweka. Flickr ipo tangu 2004 na bado kuna wapiga picha wa kweli mule, ila akaunti ya bure mwisho picha 1000, na zisizo za hadhara ni 50 tu. Na kumbuka zamani walikuwa wanatoa terabaiti nzima bure, ikaja kununuliwa na SmugMug 2018 na mwaka huo huo wakatangaza kikomo, kwa hiyo nyumba ya kupanga ni ya kupanga tu hata mwenye nyumba awe mwema vipi. Pixelfed inafanana na Insta bila matangazo, inaendeshwa kwenye seva nyingi za watu mbalimbali, na mtu wa Mastodon, mtandao mwengine wa kijamii wa aina hiyo hiyo, anaweza kukufuata bila kufungua akaunti mpya. Soma masharti ya seva kabla hujajiunga, nyengine ni za watu wanaojitolea na zinaweza kufungwa.

Mie ningekwambia tovuti yako ndo iwe nyumbani, hizo nyengine ziwe baraza. GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti, ni bure, nafasi gigabaiti 1, na domeni yako unaiunga bila malipo. Neocities nayo inatoa gigabaiti 1 bure, ila kuunga domeni yako huko lazima ulipie. Kurasa za kawaida tu za HTML, lugha ya kuandikia tovuti, zinatosha, huhitaji mambo makubwa.

Hapa ndo wengi wanachemsha: wanapandisha picha kama ilivyotoka kamera. Picha 30 za megabaiti 10 ni megabaiti 300, nani atamaliza bando lake kwa ajili yako? Shusha upande mrefu uwe pikseli 2048, JPEG ya kwoliti 80 hivi, nyingi zitaangukia kilobaiti mia kadhaa, halafu tengeneza na vidogo vya pikseli 400 vya ukurasa wa mbele. Programu ya XnConvert ni bure kwa matumizi binafsi na inafanya folda nzima kwa mpigo mmoja. Rangi ziwe sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa mtandaoni. Ukisafirisha kwa Adobe RGB, simu na programu nyengine zinaisoma vibaya, zile karafuu mbichi zimeanikwa kwenye jamvi Pemba, wekundu wake unapauka, utadhani zimekaa juani mwezi.

Ondoa GPS. Picha ya simu mara nyingi imebeba mahali ilipopigwa, na kama ulipigia nyumbani kwa mtu umeshawaelekeza watu mpaka mlangoni. Faili nalo lipe jina la maana, mwani-jambiani.jpg, si DSC_0457.jpg, na uandike maelezo kwa Kiswahili chini yake maana Google haina jicho la kumjua nani ni nani.

Harusi ni jambo jengine kabisa. Zile za ndani, bibi harusi anapambwa na wanawake wamejiachia, haziingii tovutini hata moja, hata kwenye ukurasa "uliofichwa". Ukurasa uliofichwa si kufuli, linki ikitumwa kwenye grupu moja la familia jioni ishafika Dubai. GitHub Pages ya bure haina nywila, basi za mteja wa hivyo mkabidhi kwenye fleshi mkononi mwake, au lipia huduma yenye nywila, na umuulize yeye mwenyewe, si mumewe wala kaka yake, ni ipi iwe ya hadhara kama ipo. Na wale wamama wa mwani nao waulizwe, wamechoka kupigwa na kila mgeni apitae.

Orijino weka diski mbili, moja kwako moja kwa ndugu yako mbali, hata Wete. Tovuti si bekapu.

Ukimaliza tuma linki WhatsApp kwa mtu mmoja kwanza uone inatokaje. Ikitokea bila picha, huenda ukurasa wako hauna tagi ya og:image, ule mstari wa HTML unaotaja picha ya kutokea pamoja na linki, iongeze, uielekeze kwenye picha moja nyepesi, maana watu wa huku linki isiyo na picha wanaipita tu.