Kuvuta trela nzito kwa pikapu ndogo kuukuu

Hilux ya miaka ya 1980 au Datsun 1200 inaweza kung'oa mzigo ambao breki zake hazitausimamisha. Ndiyo maana maandalizi yote huanzia kwenye uzani na breki, na injini hufuata baadaye.

Hesabu uzani, usikisie kwa macho. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Mifuko 20 ya saruji ni tani nyingine. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu hukaribia kilo 1,600, na ukinyeshewa huzidi hapo. Juu yake jumlisha trela yenyewe. Kama trela haina breki zake, jumla isizidi nusu ya uzani wa pikapu ikiwa tupu: kilo 600 kwa pikapu ya kilo 1,200. Kitabu cha gari kikitaja kiwango cha chini ya hapo, fuata kitabu. Mzigo ukizidi, tafuta trela yenye breki au uugawe uende mara mbili.

Kisha ingia chini ya gari na nyundo ndogo. Chumvi ya Mombasa hula chesisi kutoka ndani, hasa pale springi za nyuma zinaposhikia. Gonga pole pole: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga magamba. Kiungo cha kuvutia kifungwe kwenye chesisi pande zote mbili, kwa bolti za mm 12 zenye alama 8.8 kichwani. Kisifungwe kwenye bampa kamwe. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela (chuma cha mbele kinachoshika kiungo), ili kiungo kikichomoka mkono uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Mpangilio wa mzigo ndio unaoharibu safari nyingi. Asilimia 10 hivi ya uzani wa trela iliyopakiwa inatakiwa kulalia kiungo. Trela ya kilo 600, basi kilo 60. Pima kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu: simamisha trela mahali tambarare, mkono wake ukiwa kimo kile kile cha kiungo cha pikapu, uegemeze kwenye kigogo kilichosimama juu ya mizani. Namba ikiwa ndogo, sogeza mzigo mbele ya ekseli. Mkono ukiwa mwepesi, trela huanza kutikisa mkia kadiri mwendo unavyopanda. Ukiwa mzito kupita kiasi, nyuma ya pikapu hukaa, mbele huinuka na usukani huwa mwepesi. Pima kimo cha bodi juu ya gurudumu la mbele kabla na baada ya kufunga trela; ikipanda zaidi ya sentimita 2, rudisha mzigo nyuma kidogo.

Kwa breki, fungua drami za nyuma uangalie unene wa bitana, yaani tabaka la msuguano la viatu vya breki. Zikikaribia mm 2, badilisha. Hilux nyingi zina mkono mdogo wa chuma unaounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki. Kazi yake ni kuongeza nguvu ya breki za nyuma gari linapobeba uzito, na huku pwani hukwama kwa kutu bila mtu kujua. Uhakikishe unacheza. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa: mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzijoto 205, lakini yaliyolowa yanaweza kuchemka kwa 140. Yabadilishe yote kabla ya kazi nzito. Pedali ikizama njiani kama sponji, mafuta yamechemka. Ikibaki ngumu na gari halishiki, bitana zimeungua kwa joto. Hali zote mbili dawa ni moja, simama upumzishe.

Rejeta isafishwe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje, na kifuniko chenye mpira uliopasuka kitupwe. Kupanda kutoka Mombasa kuelekea Mazeras, ingia gia ya pili au ya tatu mapema, kabla injini haijaanza kugugumia. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi na ufungue hita mpaka mwisho. Utatoka jasho, lakini hiyo ni rejeta ya pili. Kurudi mjini, teremka kwa gia ile ile uliyopandia, na breki ziguswe kwa vipindi, zisiburuzwe.

Taa: katika plagi ya pini saba, njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe arthi, yaani waya wa kurudishia umeme. Taa zikiwaka kwa kufifia au kupepesa pamoja, karibu kila mara ni arthi yenye kutu.

Kwenye feri ya Likoni, vuka maji yakiwa yamejaa. Yakikupwa, mteremko wa kivukoni huwa mkali, na mkono wa trela unaweza kukwaruza sakafu. Ukianza kupanda, shika hendibreki mpaka uhisi klachi imekamata, ndipo uachie.

Mwendo wa kilomita 50 hadi 60 kwa saa unatosha. Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani na usikanyage breki mpaka itulie. Breki za pikapu peke yake huiacha trela ikisukuma kutoka nyuma.

Baada ya kilomita 10, simama na usogeze kiganja karibu na habu za trela (vitovu vya magurudumu). Yenye joto kuliko mwenzake ina beringi kavu au iliyokazwa mno. Kama mzigo ni mashua, subiri habu zipoe kabisa kabla ya kuishusha majini, kwa sababu habu ya moto ikizama ghafla hufyonza maji ya bahari ndani. Trela ikishatoka majini, osha habu kwa maji baridi ya mfereji na ujaze grisi mpya siku hiyo hiyo.