SOMO: Anwani za tovuti kwa Kiarabu, Kikirili na kadhalika (sielezi tena)

Nimechoka kujibu hili kila mara: namna ya kusajili anwani ya tovuti kwa herufi zisizo za Kilatini. Somo ni hili.

1. Andika jina unalotaka.

2. Likague herufi kwa herufi. Hapa ndipo nilipoungua. Nilisajili jina la Kiarabu huku kibodi yangu ikiwa ya Kiajemi. Herufi yaa ya Kiarabu ni U+064A (namba yake katika Unicode, orodha ya herufi za kompyuta), ya Kiajemi ni U+06CC. Katikati ya neno huwezi kuzitofautisha, ila kwa kompyuta ni herufi mbili. Aliyechapa kwa kibodi ya Kiarabu aliambiwa tovuti haipo. Nilihangaika na seva siku mbili, kumbe ugonjwa uko kwenye jina. Nikasajili upya, nikalipa tena. Kaf nayo ina mtego huohuo (U+0643 na U+06A9). Zitazame namba za Unicode KABLA ya kulipa.

3. Ligeuze kuwa Punycode, yaani jina lilelile kwa herufi za Kilatini, tarakimu na vistari tu. пример (Kikirili, herufi za Kirusi) linakuwa xn--e1afmkfd.

4. Umbo hilo la xn-- ndilo linaloingia kwenye DNS (kitabu cha anwani cha mtandao), seva na ombi la cheti cha usalama. Kila kipande kati ya nukta kisizidi herufi 63, ukihesabu baada ya kugeuza.

MASWALI

Fundi_Mpya: Mkuu kwangu inagoma, nisaidie haraka.

Mwandishi: Inagoma hatua ya ngapi? Jina liko wapi?

Fundi_Mpya: Kwenye DNS nimeweka %D0%BF%D1%80...

Mwandishi: Hatua ya 4, isome. Alama za asilimia ni za kinachofuata mkwaju (/), baada ya jina.

Mdadisi: Kwa nini kivinjari mara nyingine huniwekea xn-- badala ya herufi zenyewe?

Mwandishi: Umeuliza la maana. Kinakukinga. а ya Kikirili (U+0430) na a ya Kilatini kwa macho ni moja. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili xn--80ak6aa92e.com, Kikirili kitupu, na baadhi ya vivinjari vikaionyesha kama apple.com. Chrome ikakaza masharti baada ya hapo.

Kipanga: Wa Firefox, ingia about:config, washa network.IDN_show_punycode. Utaona xn-- daima.

Mdadisi: Asante. Kugeuza natumia encode("idna") ya Python, ni salama?

Mwandishi: Hiyo inafuata kanuni za IDNA (za majina ya tovuti yasiyo ya Kilatini) za 2003, ß ya Kijerumani inaifanya ss. Weka maktaba ya idna, yenyewe ni ya 2008: straße itatoka xn--strae-oqa. Yaani strasse na straße ni majina mawili tofauti, huenda yana wenyewe wawili.

Fundi_Mpya: Imekubali. Na barua pepe je?

Mwandishi: Kulia kwa @, Punycode inatosha. Kushoto, seva zote za njiani lazima zikubali SMTPUTF8 (nyongeza ya barua pepe ya kupokea herufi zisizo za Kilatini). Fungua uzi mwingine.