Kutafuta kura za mtaa kwa kupiga hodi

Haya ni kwa anayegombea uenyekiti au ujumbe wa serikali ya mtaa hapa Dar, na kwa wanaomsaidia. Nimeyaandika baada ya kumsaidia dada mmoja wa Mbagala mwaka 2024. Kampeni rasmi zilikuwa siku saba tu, Novemba 20 hadi 26, kura ikapigwa tarehe 27. Kazi yenyewe hufanyika kabla ya hapo.

Hatua ya 1: Orodhesha nyumba. Tumia daftari la kawaida na kalamu: mwenye nyumba, wapangaji, vyumba. Simu iache mfukoni. Mtu akikuona unabonyeza simu huku anakueleza shida zake, anakatisha maneno.

Hatua ya 2: Hakikisha wameandikishwa. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo kura zinapopotelea. Watu wengi watakwambia, "Mimi kadi ninayo." Kadi hiyo ya mpiga kura inatokana na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa mitaa uko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake, inayoandikwa upya mtaani. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 hadi 20. Aliyepitwa, kadi haikumsaidia.

Kwa hiyo usiulize, "Umejiandikisha?" Atajibu ndiyo, akiwazia kadi. Uliza, "Umeshafika kituo cha hapa mtaani, jina lako likaandikwa kitabuni?" Mpangaji aliyehamia juzi kutoka Tandale atadhani anatakiwa arudi alikotoka. Mweleze kwamba anaandikishwa anapoishi sasa. Mama lishe na vijana wa bodaboda hutoka alfajiri, wafuate usiku au Jumapili. Orodha ikishabandikwa, isome jina kwa jina na daftari lako mkononi. Lililokosekana lifuatilie siku hiyohiyo, kabla muda wa pingamizi haujaisha.

Na umhimize hata yule aliyekwambia wazi kuwa kura yake hupati. Mwenyekiti aliyechaguliwa na watu wachache hupata tabu hata kuitisha mkutano.

Hatua ya 3: Piga hodi, salimia, sikiliza. Shikamoo kwanza, sera baadaye. Usiahidi lami, barabara za mitaani ni kazi ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Ahidi kilicho ndani ya uwezo wa mtaa: mikutano inayoitishwa kwa wakati, mapato na matumizi kusomwa hadharani, barua ya utambulisho kutolewa bila usumbufu.

Hatua ya 4: Gari la matangazo achana nalo. Linapita, watoto wanalikimbilia, basi. Fedha hiyo chapisha vipeperushi, uvipeleke mwenyewe saluni na vijiwe vya kahawa.

Hatua ya 5: Siku ya kura, pitia daftari tangu asubuhi, ukianza na wazee. Kampeni imeshafungwa, kwa hiyo usitaje mgombea wala chama na usivae sare. Waulize tu kama wameshakwenda, na kituo chao wanakijua.