Kabla ya kupaka rangi nyumba nzima, tazama chini ya ukuta

Nyumba nyingi hapa Dar zinaonekana zimechakaa kwa sababu ya futi mbili za chini tu. Mvua ya masika ikipiga udongo mtupu, tope linarukia ukutani na ile rangi ya krimu inageuka kahawia. Fundi atakuambia nyumba nzima inataka rangi mpya, usimkubalie haraka. Sugua hapo chini kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, kisha mwaga kokoto kuzunguka msingi, upana wa kama nusu mita. Maji yakidondokea kokoto hayarushi tope. Ukanda wa chini upake rangi nzito, kijivu kwa mfano, ukuta ukiwa mkavu kabisa.

Ukikuta rangi imevimba na unga mweupe chini yake, hiyo ni chumvi inayoletwa na unyevu. Kwangua, piga brashi kavu, halafu tafuta maji yanatoka wapi kabla hujagusa kopo la rangi. Mara nyingi ni bomba la nje linalovuja, au gata lililoziba majani ya mwembe.

Geti nalo: piga msasa penye kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo ya mafuta.