Vumbi Kwanza, Kava Baadaye: Namna ya Kulinda Viti vya Kitambaa kwenye Gari la 4x4

Kazi yangu ni kushona na kukarabati viti vya magari, na mengi ninayoletewa ni ya watu wanaoishi kwenye njia mbovu. Mwenye gari hunionyesha palipochanika, nami kabla ya kushika sindano hupiga kikalio, yaani sehemu ya kiti inayokaliwa, kwa kiganja. Vumbi linaloruka pale ndilo lililotafuna kitambaa. Chembe za mchanga hujificha katikati ya nyuzi, na kila mwili unapotikisika, zinasaga. Kwenye lami mtu hukaa akatulia. Kwenye makorongo anayumba kushoto na kulia kutwa nzima, na kila yumbo ni sawa na kupitisha msasa.

Wengi hukimbilia kununua kava. Hata mimi niliwahi kufanya hivyo kwenye gari langu: nilivipangusa viti kwa kitambaa kikavu, nikavivisha makava ya turubai, nikaridhika. Nilipoyavua baada ya miezi kadhaa, ubavu wa nje wa kiti cha dereva ulikuwa umekwanguka vinyweleo vyote, pamebaki nyuzi za msingi zinazoonyesha sponji. Kava lenyewe lilikuwa zima. Nilikuwa nimefungia mchanga kati ya vitambaa viwili, nikausaga kwa uzito wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo sivishi kava juu ya kiti kichafu, liwe la kwangu au la mteja.

Hatua ya 1: Kagua kiti kabla ya kugusa chochote

Fungua mlango na utazame kwa tochi iliyolazwa, mwanga upite juu ya kitambaa ubavuubavu. Hapo utaona palipong'aa, palipolegea mshono na nyuzi zilizochomoka. Anza na ubavu wa nje wa kiti cha dereva, upande wa mlango, kwa sababu gari la aina hii liko juu na watu huteleza juu ya ubavu huo kila wanapopanda na kushuka. Kisha tazama ukingo wa mbele wa kikalio na sehemu ambayo kifungio cha mkanda wa usalama hugusa.

Uzi uliochomoka usiuvute. Usukume ndani kwa ncha ya sindano, au ukate usawa wa kitambaa. Mshono ulioanza kuachia ushone sasa, kwa sindano iliyopinda na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu, na wa nailoni hauvumilii jua kama poliesta. Tundu dogo liwekee kiraka kwa ndani: kata kipande kikubwa kuliko tundu, kisukume chini ya kitambaa kwa kibano, ukitandaze, kisha shona kingo za tundu juu yake. Ukiliacha lifunikwe na kava, litapanuka bila wewe kuliona.

Hatua ya 2: Toa vumbi lililo ndani

Usiiharakishe hatua hii. Mashine ya kufyonza vumbi peke yake huchukua la juu tu. Chukua taulo la zamani, liloweshe, ulikamue mpaka lisidondoshe hata tone, kisha litandaze juu ya kikalio. Lipige kwa kiganja kilichonyooka, kuanzia nyuma kuja mbele. Sponji inapobonyea inasukuma hewa juu, hewa inabeba vumbi, na taulo linalinasa. Ligeuze utazame: utakuta alama ya kahawia yenye umbo la kiganja chako. Suuza, kamua, rudia. Kiti cha gari lililotoka safari ya vumbi huhitaji mizunguko mitano au sita kabla alama haijaanza kufifia.

Baada ya hapo ndipo upitishe mashine, polepole, ukitumia ncha nyembamba kwenye mfereji ulio kati ya kikalio na mgongo. Huko ndiko mchanga mzito hukusanyika. Sukuma kiti mbele, kisha kisogeze nyuma, usafishe na reli zake pia.

Madoa ya jasho na tope yasugue kwa brashi laini na povu la sabuni isiyo kali. Tumia povu, usimwage maji. Maji yakizama kwenye sponji hayatoki kirahisi, na ndani ya siku moja au mbili ukungu unaweza kuanza. Acha milango wazi kiti kikauke hadi ndani: bonyeza kwa karatasi laini kwa nguvu, hesabu sekunde kumi, ikitoka kavu, endelea.

Hatua ya 3: Chagua kava kulingana na njia zako

Kwa gari la kazi nashauri turubai. Linapumua, halichaniki ovyo, na kifungo cha suruali hakiliachi na jeraha. Ubaya wake ni ugumu wa wiki za mwanzo, na likifuliwa kwa maji ya moto hunywea. Neoprini, aina ya mpira bandia, ni laini na inazuia maji yasipite haraka, lakini inashika jasho na ikilowa hadi ndani huchelewa kukauka. Reksini, yaani ngozi bandia, hupanguswa mara moja ikawa safi, ila kwenye joto kali inaunguza mapaja. Yale makava membamba ya kuvutika yanayodaiwa kutoshea kila gari siyapendi kabisa kwa njia mbovu, kwa kuwa yanatembea.

Kabla ya kununua, tazama ubavu wa mgongo wa kiti chako. Ukiona lebo ndogo yenye herufi SRS, humo mna mfuko wa hewa wa usalama. Kava lako lazima liwe limeachwa wazi upande huo, au limeshonwa kwa mshono maalumu unaoachia mfuko unapofunguka. Usikubali fundi akuzibie hapo kwa uzi wa kawaida. Kiti cha abiria nacho mara nyingi kina kihisio cha uzito ndani ya kikalio, hivyo usikiongezee mto mnene chini ya kava.

Hatua ya 4: Vaa na ukaze

Anza na mgongo, kisha kikalio. Pitisha mikanda chini ya kiti bila kuivutia kwenye nyaya, hasa zile za njano, ambazo kwa kawaida ni za mfumo wa mifuko ya hewa. Kulabu zishike kwenye fremu ya chuma. Kama kava linafungwa kwa velkro, hakikisha upande wake wenye vijino umefunikwa wote. Vijino vilivyobaki wazi vinachomoa nyuzi za kiti mmoja mmoja.

Sasa jaribu. Weka kiganja katikati ya kikalio, bonyeza, sukuma kando. Kava likihama zaidi ya upana wa kidole gumba, kaza tena. Keti, jizungushe kama unayetazama nyuma, shuka, ukague kama mishono imebaki mahali pake. Kwenye ubavu wa nje wa dereva mimi huongeza kipande cha pili cha turubai, kinachoanza chini ya kikalio hadi kiganja kimoja juu yake. Kipande hicho kikichakaa nakibadilisha chenyewe.

Hatua ya 5: Mazoea ya kila siku

Panda kwa kushika mshikio, keti kwanza, kisha ingiza miguu. Toa bisibisi na funguo kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Ukiegesha kutwa juani, ziba vioo, kwani miali hiyo hiyo inayopausha rangi ndiyo inayofanya nyuzi zikatike kama karatasi. Umevuka maji yakaingia ndani? Vua makava siku hiyo hiyo, usingoje ufike nyumbani na kulala.

Kila baada ya safari ya vumbi, au walau mara moja kwa miezi mitatu, vua yote. Fua turubai kwa maji baridi bila dawa ya kung'arisha, lianike kivulini. Likiwa kwenye kamba, rudi garini na taulo lako lenye unyevu, upige kikalio kama mwanzo. Likigeuzwa na kuonyesha kahawia, endelea kupiga. Likitoka safi, na kiti kikiwa kimekauka, rudisha kava.