Ukienda kliniki ya presha, jua daktari anafuata hatua gani

Kama wewe ndio hupeleka mzazi kliniki ya presha, iwe Kisumu, Kakamega ama Nakuru, jua daktari habahatishi, kuna mwongozo anafuata, na ukiujua hutashtuka akiongeza dawa na pia utajua kuuliza hatua ikirukwa.

Anza na kupimwa, hapo ndipo mambo huharibikia. Siku moja mama alishuka boda Kondele akatembea na jua hadi kliniki, hajaketi hata dakika mashine ikafungwa juu ya sweta, ikasoma 172 kwa 98. Nikamwomba nesi kwa heshima tungoje kidogo. Mama akaenda choo, akatoa sweta, akaketi dakika tano ameegemea kiti, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa na moyo, na kunyamaza kabisa (hapo ndio palikuwa na kazi). Ikasoma 154 kwa 92. Bado iko juu lakini tofauti umeiona. Wapime mara mbili, na kama mkono ni mnene waulize kitambaa kikubwa cha kufungia mkono maana kile kidogo husoma juu. Kahawa na sigara uache nusu saa kabla.

Namba ya kuanzia dawa ni 140 kwa 90. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema ukithibitishwa umefika hapo, dawa inaanza, na kama una ugonjwa wa moyo ama ulishapata kiharusi, hata ile ya juu ikiwa 130 unaanzishiwa. Marekani tangu 2017 wao huita 130 kwa 80 presha, ndio maana ukisoma intaneti unachanganyikiwa.

Daktari akitaka mkojo, sukari, damu ya figo na kipimo cha umeme wa moyo, hapotezi pesa zako, anaangalia kama presha imeshagusa viungo. Lakini vipimo vikikosekana siku hiyo, mwongozo hauruhusu dawa icheleweshwe.

Sasa dawa. Wengi huanzishiwa amlodipini, presha ikikataa kushuka daktari anapandisha dozi ama anaongeza dawa ya pili. Kuna utafiti ulitoka 2019, ulifanywa Afrika na Kenya ikiwemo, ukaonyesha amlodipini ikiunganishwa na dawa nyingine inatushusha presha vizuri, kwa hivyo tafadhali mzee akipewa vidonge viwili msianze kulia eti amezidiwa. Miguu ikifura na amlodipini ama kikohozi kikavu kikiingia na enalaprili (dawa nyingine ya presha), rudi useme ubadilishiwe, usiache kimyakimya. Na mwenye mimba ama anayepanga kupata aseme mapema, enalaprili na losatani, nayo ya presha, si zake.

Mwanzoni unarudi kila mwezi, ikitulia inakuwa miezi mitatu hadi sita. Asubuhi ya kliniki meza dawa kama kawaida, wengi huruka eti daktari aone presha yenyewe, halafu anaongezewa dawa hahitaji. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kidogo cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iko kwa samaki wa chumvi na kwa mchuzi.

Ikifika 180 kwa 110 na kifua kinauma, macho yana ukungu, pumzi inakata ama upande mmoja umelegea, usingoje tarehe, kimbia kasualti.

Sisi tuna daftari la kurasa 32, tarehe, saa, namba na dawa aliyomeza, na daktari huliomba kabla hata hajafungua faili.