Jinsi ya kutafuta eksirei na miale ya gama ya galaksi ya NGC 253 ukiwa Malindi

Hapa Ngomeni ndipo Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, na data za NuSTAR, setilaiti ya NASA ya kuchunguza eksirei, zinashukia kituo chetu cha Malindi, so hii kazi ni ya kwetu kabisa. Darubini huhitaji, maana hewa inaizuia hiyo miale isifike chini. Tafuta laptop yenye Linux, uweke HEASoft (programu za data za eksirei) na Fermitools (za data za gama), zote za bure, na data unachukua kwa kumbukumbu za NASA. Faili ni nzito, shusha usiku kama bando lako la usiku ni rahisi.

Anza na NGC 253, galaksi inayozaa nyota kwa kasi sana, umbali wake miaka ya nuru kama milioni 11. Watu wengi hukimbilia M82, galaksi nyingine ya aina hiyo, lakini mimi naona si ya kuanzia, kwa sababu pale kuna vyanzo viwili vikali vya eksirei, X-1 na X-2, zimekaribiana mpaka NuSTAR haiwezi kuzitenganisha, na hiyo X-2 ni nyota ya nyutroni inayozunguka kila sekunde 1.37, iligunduliwa kuwa hivyo 2014 kwa mapigo yake tu.

Kwa NuSTAR pitisha data kwenye nupipeline (programu ya HEASoft ya kuzisafisha), halafu chora duara la galaksi na lingine la usuli (miale isiyo ya galaksi) mahali patupu, ila kwenye chipu ileile ya kamera, maana usuli hubadilika chipu hadi chipu. Mtambo unasoma 3 hadi 79 keV (keV ni kipimo cha nishati ya miale) lakini usilazimishe, ukiona galaksi imezama kwenye usuli komea hapo. Na ujue unachokiona hapo juu ya 10 keV kwa sehemu kubwa ni nyota pacha, moja inamla mwenzake.

Gama ni habari nyingine kabisa! Hizo zinatoka kwa protoni zilizosukumwa na mabaki ya supanova (nyota zilizolipuka) zikagonga gesi nzito ya katikati ya galaksi. Chukua data za Fermi, setilaiti ya NASA ya miale ya gama, tangu 2008, miaka mingi kadiri unavyoweza kwa sababu chanzo ni hafifu, nyuzi 10 kuzunguka galaksi, uanzie nishati ya GeV 1 (sawa na MeV 1000), maana kwenye MeV 100 mwelekeo wa fotoni unapotea nyuzi kadhaa. Kata zenithi (pembe kutoka juu kabisa, upande usio wa dunia) kwenye nyuzi 90 kwa vile hewa ya dunia yenyewe inawaka gama. Kwenye modeli, yaani orodha ya vyanzo unayolinganisha na data, weka vyanzo vyote vya jirani pamoja na mwanga wa gama wa Njia ya Maziwa, galaksi yetu, ambao huku ni mdogo kwa sababu NGC 253 iko karibu na ncha ya kusini ya galaksi yetu, ndiyo maana naipenda.

TS, namba inayopima chanzo kinavyojitokeza juu ya usuli, ikipita 25 umeipata. Lakini hata hapo iondoe NGC 253 kwenye modeli, chora upya ramani ya mabaki (miale ambayo modeli haikuieleza), uone kama doa linatokea palepale au limehama kwa jirani.